Mama amepooza, na pesa ya kumlipa mtunzaji haipo

SWALI

Jambo mama. Mimi ni mzaliwa wa kwanza, naishi Kadutu, Bukavu, pamoja na mama yangu. Mwaka jana alianguka jikoni, na tangu siku hiyo upande wa kuume umepooza, mkono na mguu, na maneno yanamtoka kwa shida. Shangazi alisema ni karuho, ile sumu ya watu wabaya, tukamaliza akiba yote kwa mganga wa majani. Nauza sambaza, samaki wadogo wa ziwa Kivu, sokoni, natoka kabla hakujapambazuka. Binti yangu wa darasa la sita ndiye anayebaki na bibi yake, na siku nyingi shule inampita. Asipokuwepo nafunga mlango kwa nje. Kaka zangu wawili, mmoja yuko Lubumbashi, mwingine Kampala, kila nikipiga simu wanasema hali ni ngumu. Jirani ananishauri nitafute nyumba ya wazee. Kuna mahali watampokea bure? Na kumfungia mama ndani, ni dhambi?
Muuza sambaza, Kadutu

JIBU

Binti yangu, niruhusu nianze na mtoto, ingawa hukuniuliza habari zake. Darasa la sita ni mwaka wa ENAFEP, zamani TENAFEP, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi. Akiukosa mtihani huo, mlango wa sekondari unamfungia. Shule za msingi za serikali zilitangazwa kuwa bure tangu 2019. Kwa hiyo kinachomzuia si karo, ni kazi ya kumwangalia bibi. Kazi hiyo ni ya watu wakubwa. Mpango wowote utakaoufanya baada ya kusoma barua hii, uanze kwa kumrudisha mtoto darasani.

Nyumba za wazee zipo, nyingi mikononi mwa watawa, lakini nafasi ni chache, na wanaotangulizwa ni wale wasio na mtoto wala ndugu. Wewe upo. Usipoteze miezi ukingoja kitanda. Tena katika barua yako umenieleza anachosema shangazi, kaka na jirani. Mama mwenyewe anataka nini? Maneno yanamtoka kwa shida, lakini mara nyingi kichwa bado kinasikia. Muulize maswali ya ndiyo na hapana, umpe muda, akubane mkono akikubali.

Kuhusu karuho, nitasema waziwazi, maana nimefanya kazi ya uuguzi katika mji huu tangu ujana wangu na nimewaona wengi wa namna hii. Mtu kuanguka ghafla, upande mmoja ukapooza na maneno yakapotea, hiyo ni AVC: damu imezibwa njia kichwani, au mshipa umepasuka. Mara nyingi chanzo ni tansiyo, yaani shinikizo la juu la damu, ya miaka mingi isiyotibiwa. Hakuna majani yatakayoiondoa. Mpeleke kituo cha afya wampime tansiyo, na akiandikiwa dawa azimeze kila siku, hata siku anazojisikia vizuri. Pesa ikiwa kidogo, itangulize kwa dawa hiyo kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu AVC ya pili huja upesi zaidi kwa aliyeacha dawa.

Sasa kaka zako. Sheria ya familia ya nchi yetu ya Kongo, ile ya 1987 iliyorekebishwa 2016, inawawajibisha watoto kumsaidia mzazi aliye katika shida. Sikutumi mahakamani. Lakini ukiwaambia “tumeni msaada”, watajibu hali ni ngumu. Mpe kila mmoja kitu chenye jina. Wa Lubumbashi alipe dawa za tansiyo kila mwezi. Wa Kampala alipe posho ya mama mmoja wa jirani atakayekaa na mgonjwa asubuhi mpaka urudi sokoni. Uandike katika kundi la simu la familia, shangazi na wajomba wakiwemo, ili ahadi isikiwe na wengi. Na siku kaka anapokosa pesa, Shirika lenu la parokia, ile jumuiya ndogo ya waamini majirani, lipo. Nimeona wamama wa Shirika wakipokezana zamu kwa mjane asiye na mtu, kila mmoja asubuhi moja ya juma. Nenda kwa kiongozi wenu useme kama ulivyoniandikia mimi.

Atakayebaki na mama lazima ajue mambo haya. Mama asilale upande mmoja zaidi ya saa mbili. Ageuzwe, na kila anapogeuzwa mtazameni visigino, nyonga na mfupa wa chini ya mgongo. Alama nyekundu isiyopotea ni mwanzo wa kidonda, msiisugue, wala asiilalie. Pampers za wakubwa ni ghali. Kitenge cha zamani kilichokunjwa juu ya plastiki kinatosha, mradi kibadilishwe kila kikilowa na ngozi ikaushwe vizuri. Kumhamisha kutoka kitandani, kiti kiwe upande wake wa kushoto, ule wenye nguvu, na msimvute kamwe kwa mkono uliopooza, maana bega linateguka upesi. Akila, akae wima, kijiko kidogo, upande wa kushoto wa mdomo. Akipaliwa na maji, mpeni uji mzito.

Hapa Bukavu tuna Heri Kwetu, kituo cha watu wenye ulemavu, chenye kine, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, na karakana ya vifaa vya kutembelea. Msalaba Mwekundu wa Kimataifa umekiunga mkono. Waombe wawafundishe mazoezi ya kufanyia nyumbani, maana kushuka na kupanda ngazi zile za Kadutu na mgonjwa mgongoni kila juma hamtaweza. Kabla ya kuuliza bei, omba kuonana na mtu wa huduma za jamii. Hapo karatasi inasaidia: anza kwa shefu wa avenue, halafu ofisi ya karte (mtaa), halafu komini ya Kadutu na ofisi ya mambo ya jamii, upate cheti kinachothibitisha kwamba mama hana uwezo. Sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wanaoishi na ulemavu, na mama yako sasa ni mmoja wao. Itaje bila woga. Pale parokiani uliza pia habari za mitueli ya afya, mfuko wa kuchangia matibabu. Wanaandikisha nyumba nzima kwa mwaka, basi ukikuta uandikishaji umefungwa, uliza utafunguliwa lini.

Kufunga mlango: dhambi sitaipima mimi, najua umefunga kwa sababu ya wezi na kwa sababu huna mtu. Lakini Kadutu nyumba zetu ni za mbao, zimebanana, na moto umeteketeza avenue nzima mbele ya macho yetu. Mtu asiyeweza kusimama hatatoka. Mpaka zamu zipangwe, mpe jirani wa karibu funguo ya pili jioni ya leo, jiko la makala lizimwe kabla hujatoka, na jirani aingie mara mbili tatu kumgeuza mama na kumpa maji.