"Jina Litakuja": Ninayoyaona Kwenye Dirisha la Wakala

Kwa kuwa kazi yangu ni uwakala wa miamala ya simu hapa Dar es Salaam, wengi wanaotapeliwa huwa nawaona kabla pesa haijaondoka, wakiwa wamesimama dirishani na simu mkononi, wakiniharakisha niwawekee salio ili walitume. Ujumbe uliowaleta ni mfupi: "Ile pesa itume kwenye namba hii, jina litakuja", kisha linafuata jina wasilolijua.

Hilo "jina litakuja" ndilo linalonitia uchungu. Mtumaji huonyeshwa jina la mpokeaji kabla hajaweka namba ya siri, na huo ni ulinzi mzuri. Tapeli analifahamu hilo, ndiyo maana anamwandaa mtu mapema ili jina geni likitokea asishtuke. Wala hana haja ya kumjua anayemwandikia, kwa sababu ujumbe uleule huwafikia watu wengi, na miongoni mwao hakosi mmoja aliyeahidi kulipa ada au deni siku hiyohiyo.

Mzee mmoja alikuja na kodi ya miezi sita.

"Fanya haraka mwanangu, mwenye nyumba ananisubiri."

"Mzee wangu, naomba umpigie kwanza kwa namba yake ya siku zote."

Alikunja uso, lakini akapiga. Mwenye nyumba hakuwa ametuma ujumbe wowote.

Basi nawaomba: pigeni namba mliyoihifadhi wenyewe, msikie sauti ya mhusika, ndipo mtume. Ukiambiwa kwamba umetumiwa pesa kimakosa, angalia salio lako kwenye menyu, usiamini ujumbe peke yake. Na hata kama pesa imeingia kweli, mwache aliyekosea aombe mtandao wake uirudishe. Ujumbe wa kitapeli, pamoja na namba iliyoutuma, utume kwenda 15040. Piga pia *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, kwa maana matapeli hupenda kujificha nyuma ya usajili wa watu wengine.

Aliyekwisha kutuma asikae na aibu yake nyumbani. Apige huduma kwa wateja papo hapo, kwa kuwa pesa ambayo haijatolewa huenda ikazuiwa, halafu aende polisi achukue RB, yaani namba ya taarifa yake iliyoandikwa kituoni. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na ujumbe ule ni ushahidi, kwa hiyo asiufute.