Mpiga makombora akikauka: utajuaje kama ni wa kusubiri au wa kuachia?

Mleta uzi anauliza kuhusu mpiga makombora, yaani mpigaji wa nguvu, wa timu ya besiboli anayoishabikia Marekani. Mwaka jana jamaa aliutoa mpira nje ya uwanja (ndiyo homurani) mara 34. Aprili hii imeisha akiwa na wastani wa .180 na homurani tatu, na mleta uzi amechoka kukesha (mechi ya saa moja jioni New York huanza saa nane usiku huku Nairobi) kumtazama mtu akirudi benchi na gongo begani. Anauliza timu inangoja nini kumwacha. Chini yake mdau mwingine ameuliza hilohilo kuhusu mpigaji wa nne kwenye mpangilio wa kupiga wa timu yao ya Jumamosi hapa jijini. La kwanza ni refu, la pili nitalifikia.

Tuanze na hiyo .180. Ni hiti 18 (hiti ni pigo linalomfikisha mpigaji kwenye besi salama) katika zamu 100 za kupiga zinazohesabiwa. Mtu wa kiwango cha .250 angekuwa na 25. Kwa hiyo hasira yote hii ni ya hiti saba kwa mwezi mzima. Mbili zikidakwa ukutani, tatu zikienda moja kwa moja mikononi mwa mdakaji, nyingine mbili mtu akijirusha na kuzinasa, tayari una "ukame". Piga hesabu ya bahati tupu: mpigaji ambaye kweli ni wa .250, mzima wa afya, ana nafasi karibu moja kati ya 15 ya kumaliza zamu 100 na hiti 18 au pungufu. Ligi ina klabu 30, kila moja na wapigaji tisa. Gawanya uone ni wangapi watakaotangazwa marehemu kila Aprili ilhali hawaumwi hata kidole. Kukaa zamu 15 mfululizo bila hiti ni jambo linalompata mtu wa aina hiyo karibu kila msimu. Hata zamu 20 mfululizo humpata takriban msimu mmoja kati ya mitatu.

Wastani uweke kando basi. Tazama vitu vinavyotulia mapema. Kiwango cha kutolewa kwa straiki (kukosa au kuacha mipira mizuri mara tatu) huanza kusema ukweli baada ya zamu kama 60, besi za bure (anazopewa mrushaji akirusha mipira mibovu minne) karibu 120, homurani karibu 170. Wastani wa kupiga, hata msimu mzima hauutoshi. Ukiona mwezi umeisha na mtu wako anatolewa kwa straiki kwa kiwango kilekile cha miaka yote, anapewa besi za bure kama kawaida, na mpira ukigongwa unatoka kwa kasi ileile, tulia ulale. Kasi hiyo inapimwa viwanja vyote vya ligi kuu tangu 2015 na huonekana kwenye skrini. Wastani wa ligi ni kama kilomita 142 kwa saa, na kuanzia 153 (ndizo maili 95) mpira unahesabiwa kuwa umegongwa kwa nguvu. Ni kama mshambuliaji wa soka: anayegonga mwamba mara tatu kwa mechi utamsubiri, asiyefika kwenye boksi kabisa ndiye wa kukutia wasiwasi.

Sasa njoo kwenye kinachoharibika hasa, maana hapa ndipo wengi wanapapita mbio.

Mrushaji yuko mita 18.44 kutoka besi ya nyumbani. Mpira wa maili 95 unafika kwa takriban sekunde 0.4, na unasafiri kama sentimita 40 kila sekunde 0.01. Mpigaji wa nguvu akichelewa kwa kiasi hicho kidogo tu, kombora lililokuwa liende nje linageuka mpira wa juu unaodakwa kivivu. Anajua amechelewa. Anachofanya, na karibu wote hufanya hivi, ni kuanza mapema. Akianza mapema analazimika kuamua kabla hajasoma mpira unakuja vipi, na hapo slaida (mrusho unaokata pembeni mwishoni) inayotoka nje chini inamnasa kila mara. Mashabiki wanaona mtu anafukuza mipira michafu na kusema macho yamekufa. Macho ni mazima, mkono ndio uliochelewa, na hayo mengine ni deni la kuchelewa huko. Kocha akimwambia "acha kufukuza slaida" anatibu homa na kuacha malaria.

Unaweza kuliona hili ukiwa kwenye kochi lako South B bila chombo chochote. Tazama faulo zake (mipira anayoigonga ikatoka nje ya mistari) dhidi ya mpira wa kasi. Mpigaji wa mkono wa kulia ambaye faulo zake zinaangukia upande wa besi ya kwanza amechelewa. Zikienda upande wa besi ya tatu, amewahi. Zikirudi moja kwa moja nyuma kwenye neti, muda wake ni sahihi na amekosa kwa unene wa kidole tu, huyo yuko karibu kufunguka. Kwa wa mkono wa kushoto geuza pande. Ukikesha mechi tatu ukahesabu faulo hizo kwenye karatasi, utajua mengi kuliko anayesoma wastani asubuhi.

Kuchelewa kuna sababu zake. Jeraha ndiyo ya kwanza kutafuta: misuli ya ubavu, goti la mguu wa nyuma, na hasa kiganja. Kuna mfupa mdogo chini ya kiganja, mahali kitako cha gongo kinapokaa, ambao wapigaji huuvunja. Hutolewa kwa upasuaji na mtu hurudi baada ya wiki chache, lakini nguvu inaweza kuchukua miezi kurudi. Sababu nyingine ni warushaji kubadilisha mbinu, na hiyo inajibika. Ya mwisho ni umri, nayo haijibiki. Tangu 2024 kasi ya gongo lenyewe hutangazwa, wastani ukiwa karibu kilomita 116 kwa saa. Mtu wa miaka 33 ambaye kasi ya gongo lake inashuka mwaka baada ya mwaka, na faulo zake zinachelewa, huyo usimngojee Julai.

Mifano ipo ya pande zote. David Ortiz wa Boston mwaka 2009 hakupata homurani ya kwanza mpaka Mei 20, watu wakimwimbia nyimbo za mazishi. Alimaliza msimu na 28, na mwaka uliofuata 32. Mike Schmidt wa Philadelphia alipiga .196 mwaka 1973, kisha 1974 akaongoza ligi yake kwa homurani 36.

Ila wawili ninaopenda kuwalinganisha ni Adam Dunn na Chris Davis, kwa sababu kwa juu wanafanana kama mapacha. Dunn alipiga .159 mwaka 2011 akiwa Chicago White Sox, homurani 11, akatolewa kwa straiki mara 177 katika zamu 496. Davis wa Baltimore alipiga .168 mwaka 2018, homurani 16, straiki 192 katika zamu 522. Wote walikuwa na miaka thelathini na kidogo, wote na mikataba minono. Dunn mwaka uliofuata alipiga homurani 41. Davis aliingia 2019 na ukame uliofika zamu 54 bila hiti, rekodi kwa mpigaji asiye mrushaji, na Agosti 2021 akastaafu. Ungewatofautishaje mapema? Angalia besi za bure. Dunn katika balaa lake lote alipata 75, karibu asilimia 15 ya zamu zake. Davis alipata 41, chini ya asilimia 8. Dunn alikuwa bado anasoma mpira. Tena shimo lake lilikuwa na mahali: dhidi ya warushaji wa mkono wa kushoto alipata hiti 6 kati ya 94. Shimo lenye mahali unaweza kulizungushia ua. Mfano mmoja si sheria, nakubali, lakini mimi nikiona besi za bure na kasi ya mpira vimeanguka pamoja, natoa mkono wa kwaheri.

Mleta uzi anazungumza kana kwamba kuna milango miwili tu, abaki au aende. Katikati pana ngazi kadhaa, na timu nzuri huzipanda moja moja. Ya kwanza ni kumshusha kwenye mpangilio, kutoka nafasi ya nne hadi ya sita au ya saba, ambako zamu zake hupungua na hakutani na watu kwenye besi kila mara. Kisha siku mbili au tatu za kupumzika, akipiga mazoezini tu. Kisha kumpanga dhidi ya warushaji wa upande anaouweza tu, wa mkono wa kulia pekee au wa kushoto pekee. Akiwa na jeraha, orodha ya majeruhi ya siku 10, na usishangae ikitumika hata pale jeraha lenyewe ni la kutafutwa kwa tochi. Akiwa bado kijana, ligi ndogo: Chicago Cubs walimshusha Kyle Schwarber Juni 2017 akiwa na .171, akarudi na kumaliza mwaka na homurani 30. Schwarber huyohuyo mwaka 2023 alipiga .197 akiwa Philadelphia, kwa hiyo ukisoma wastani tu ungemfukuza tena. Alikuwa na homurani 47 na besi za bure 126. Mkongwe mwenye miaka mitano ya utumishi ana haki ya kukataa kushushwa, ndiyo maana kwa wazee ngazi hii haipo.

Mwisho kabisa ndipo wanamwondoa kwenye kikosi na kupata siku saba za kumuuza au kumwachia. Hapa watu hulilia pesa: "lakini wamebakiza kumlipa miaka mitatu!" Mshahara huo umehakikishwa, utalipwa akicheza au asipocheza. Timu itakayomchukua akishaachiwa hulipa kima cha chini cha ligi tu na iliyomwacha hubeba salio. Maji yakimwagika hayazoleki. Swali la leo ni kama kuna mtu benchi au ligi ndogo atakayepiga vizuri zaidi yake wiki ijayo. Kama hayupo, kumwachia ni kujifurahisha tu. Na kosa la kuachia mapema lina gharama: Houston walimwachia J.D. Martinez Machi 2014, wakati ameshabadilisha mpigo wake wote kipindi cha baridi, na mwaka huohuo akapiga .315 na homurani 23 akiwa Detroit. Walitazama namba za zamani za mtu mpya.

Kwa mleta uzi, kwa namba ulizotoa: mshusheni hadi nafasi ya sita, mumpe mpaka afikishe zamu kama 200, na mhesabu faulo.

Sasa mdau wa timu ya Jumamosi. Umesema mtu wako ana hiti moja mechi tano. Hizo ni zamu 15 hivi. Usimwache kwa namba hizo, hazina uzito wowote. Kwenu hakuna mitambo ya kupima kasi, lakini simu inatosha. Iweke pembeni, usawa na sahani (besi) ya nyumbani, mita tano kutoka kwake, nyuma ya neti, irekodi picha 240 kwa sekunde. Tazama kitu kimoja: mguu wa mbele unakanyaga lini. Ukiwa umeshakanyaga kabla gongo halijaanza kuja mbele, muda wake ni mzuri. Vikienda pamoja, amechelewa na anapiga kwa mikono tu, nguvu ya kiuno imeachwa nyuma. Cha pili ni bega la mbele likifunguka mapema, hapo mipira ya nje yote atagonga hewa au kuibingirisha.

Dawa ya vyote viwili ni stendi ya kuwekea mpira, na ya dukani haina haja. Chukua bomba la plastiki la inchi moja na nusu, urefu sentimita 75, lisimamishe kwenye ndoo ya rangi ya lita nne iliyojazwa zege, na juu chomeka kipande cha sentimita 15 cha mpira wa radieta. Grogan, kwenye maduka ya vipuri, hukosi. Usiache bomba bila huo mpira, gongo litalipasua siku ya kwanza. Weka mpira upande wa nje wa sahani, usawa wa mguu wa nyuma kidogo, na apige 30 kuelekea upande wa besi ya kwanza (wa tatu kama ni wa mkono wa kushoto), kwenye neti kuukuu ya goli. Kisha mrushie polepole kutoka mita tano mbele, ukiwa umejikinga nyuma ya neti, mipira 20, kila baada ya mitatu ucheleweshe mmoja. Akianza kuuvuta ule wa polepole kuwa faulo, bado anawahi, rudi kwenye stendi. Mara tatu kwa wiki, nusu saa, na si zaidi, maana mikono ikichoka anajifunza makosa upya.

Jumamosi mpange wa sita. Rekodi kila mpira anaoufukuza, ulikopita na faulo ilikoangukia, kisha zibandike hapa tuzisome.