Outlook Ikijifunga Yenyewe, Usikubali Kupigiwa Windows Upya

Ofisi za mawakala wa forodha ninazozihudumia kule Kurasini na Posta, Dar es Salaam, zinaendesha karibu kila kitu kwa baruapepe: hati za meli, ankara, maswali ya wateja wa Lubumbashi na Lusaka. Outlook, programu ya baruapepe ya Microsoft, ikianza kujifunga yenyewe kila baada ya dakika chache, kazi inasimama na kontena bado liko bandarini. Katika haraka hiyo anaitwa fundi yeyote aliye karibu, naye anashauri mpige Windows upya, yaani diski ifutwe na Windows iwekwe tena. Nawasihi, mkatalieni kwanza.

Akaunti ikiwa ya POP, yaani ile inayoshusha ujumbe kutoka kwenye seva hadi kwenye kompyuta, ujumbe wa miaka yote huwa ndani ya faili moja ya PST (ghala la ujumbe la Outlook) kwenye kompyuta hiyohiyo, kwa kawaida katika Documents, folda ya Outlook Files. Mara nyingi seva huwa imeshaufuta. Nimewahi kukaa na mama mwenye kampuni ndogo, machozi yanamtoka, diski yake imeshafutwa na mtu aliyedhani anamsaidia. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, funga Outlook, nakili PST kwenye diski ya nje, hakikisha nakala imekamilika.

Sasa mtafute mchawi. Shikilia kitufe cha Ctrl huku ukifungua Outlook. Itakuuliza kama unataka ifunguke katika hali salama, nawe ukubali. Ikitulia humo, basi anayeiangusha ni mojawapo ya vijiprogramu vya nyongeza vilivyojipachika: cha antivairasi, cha kusoma PDF, cha mikutano ya video. Ingia File, Options, Add-ins, uvizime vyote, kisha urudishe kimoja kimoja. Ni kazi ya subira, lakini ndiyo inayotoa jibu la kweli. Ukitaka njia fupi, fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, sehemu ya Application, usome jina la moduli (kipande cha programu) iliyotajwa kwenye kosa la saa ileile Outlook ilipojifunga. Nashangaa mafundi wengi hawapiti huko kabisa.

Ikianguka hata katika hali salama, litazame faili lenyewe. Kikomo cha kawaida cha PST ni GB 50, na likikaribia hapo matatizo hayako mbali. Umeme ukikatika wakati Outlook inaandika, faili linaweza kuharibika. Kompyuta ya mezani ya ofisini isikae bila UPS, betri ya akiba ya umeme. Kwa uharibifu huo kuna SCANPST, programu ya kukarabati PST, imo ndani ya folda ya Office yenyewe, huhitaji kununua kitu. Iendeshe tena na tena mpaka isione kosa. Ikishindwa, tengeneza profaili mpya (mipangilio ya akaunti zako ndani ya Outlook) kupitia Mail kwenye Control Panel, halafu ndipo ujaribu kuikarabati Office kwa Quick Repair.

Wenye akaunti za Exchange au IMAP, ambazo ujumbe wake hubaki kwenye seva, wana nafuu, kwa sababu faili lao la OST ni nakala tu ya kilichoko kwenye seva. Libadilishe jina Outlook ikiwa imefungwa, nayo italijenga upya. Ila folda zilizoandikwa "This computer only" haziko kwenye seva, zihamishe kwanza. Na kama sanduku lina gigabaiti nyingi, subirini mpate intaneti ya faiba, maana bando la simu litaisha kabla ujumbe haujafika nusu.