Besi ya ukumbi mdogo: beba kidogo

Kaka, kama ni wewe na gitaa lako la besi, mwimbaji na gitaa jingine moja tu hapo hotelini Entebbe, na vyombo unavibeba kwa boda, achana na spika ya inchi 15. Tafuta amplifaya kama Fender Rumble 40: wati 40, spika ya inchi 10, kilo 8 hivi, unaipakata ukiwa nyuma ya dereva. Ina tundu la XLR (la waya wa pini tatu) la kupeleka sauti kwenye mikseta, mashine ya kuchanganya sauti, ukumbi ukiwa mkubwa.

Ukifika, iweke juu ya kiti. Ikikaa sakafuni utaisikia kwa magoti badala ya masikio, utaongeza sauti mpaka wateja waache kula. Mimi nimekunjiwa uso na meneja kwa hilo!

Besi usiibadilishe, badilisha nyuzi, weka zilizozungushiwa waya bapa. Mlio hutulia, vidole havikwaruzi.