Jibu: Ufito umegusa alama zote, mbona mstari bado una mawimbi?

Ndugu wa Goma, umeeleza kwamba boti yako ya kwanza ya mita 6 umeichora kwa ukubwa wake kamili juu ya tripleksi (plaiwudi), ufito (ule mti mwembamba unaopindishwa ili kuchora mistari) umepita kwenye kila alama ya jedwali (orodha ya vipimo vilivyotolewa kwenye mchoro mdogo), na bado ukiinama unaona vivimbe kwenye ukingo wa juu. Vivimbe hivyo vimetoka kwenye jedwali. Kwenye mchoro wa 1 kwa 10, nusu milimita ya unene wa penseli inakuwa milimita 5 ukifika sakafuni. Kwa hiyo alama ndizo zinazopaswa kuufuata ufito. Wewe umeulazimisha ufito uzifuate alama.

Kwanza hakikisha ufito wenyewe ni mzima. Mikaratusi imejaa huku Kivu, lakini ikikauka hujipinda, kwa hiyo usiitumie hapa. Chukua msonobari au saiprasi iliyokauka vizuri, nyuzi zimenyooka toka ncha hadi ncha, bila fundo hata moja. Penye fundo ufito unakataa kupinda, halafu pembeni yake unapinda kupita kiasi. Kama una shaka, ugeuze ufito ncha kwa ncha na uuweke tena: kivimbe kikihama nao, kosa ni la ufito, wala si la mchoro. Kwa boti yako uwe na mita 7, ili nusu mita ivuke alama ya mwisho kila upande, maana ncha ikiachwa bila kushikwa hunyooka na kuharibu mstari palepale omoni (mbele ya boti). Unene wa milimita 20 kwa 20 unatosha ukingo. Kwa mkunjo mkali wa mbele tumia wa milimita 10 au 12.

Misumari usiipigilie ndani ya ufito. Iweke pande zote mbili, iubane tu, ukianzia katikati kuelekea ncha. Sasa ng'oa msumari mmoja na utazame. Ufito ukiruka milimita 3 ukatulia, uache hapo ulipotulia. Usiposogea kabisa, msumari ule ulikuwa hauna kazi. Endelea hivyo hadi ibaki misumari michache kabisa inayoshikilia umbo. Lakini alama ikiwa mbali na ufito kwa zaidi ya milimita 10, usiifute haraka: rudi kwenye jedwali, mara nyingi mtu ameandika 331 mahali pa 313.

Jicho liweke chini karibu na sakafu, utazame toka ncha zote mbili. Kisha thibitisha kwa rula ya sentimita 60. Ilaze upande wa ndani wa mstari, ncha zake zote mbili ziuguse, upime uwazi uliopo katikati ya rula, kisha isogeze sentimita 30 upime tena. Namba (kwa milimita) zikienda 6, 7, 9, 12, mstari ni mzuri. Zikienda 6, 9, 7, 12, kuna kivimbe kwenye hiyo 9, hata kama jicho limekikubali.

Hapa ndipo wengi wanapokwama: kila alama iko kwenye michoro miwili au zaidi. Ukisogeza upana milimita 4 kwenye mchoro wa kutoka juu, upana uleule lazima ubadilike kwenye mchoro wa mataruma (mbavu za boti). Andika namba mpya kwa wino mwekundu, ukate ya zamani, kisha uuweke ufito tena kwenye mchoro wa pili. Maliza mistari mirefu kwanza. Mataruma yachorwe mwisho.

Msingi wa yote haya ni mstari wa chini, ule ulionyooka ambao vipimo huanzia. Usiupige kwa uzi wa chaki, huo huruka pembeni. Vuta nailoni nyembamba ya wavuvi wa sambaza (dagaa wa Kivu), weka alama chini yake, unganisha kwa rula. Pembe mraba zipime kwa pembetatu ya sentimita 60, 80 na 100.

Kabla ya kukata mataruma, toa unene wa ubao wa nje ikiwa mchoro wako ni wa uso wa nje. Ubao wa milimita 20 katikati ya boti unatoa 20. Mbele, unapopita taruma kwa mshazari wa digrii 30, unatoa 23. Na mataruma yakishasimama juu ya mkuku (uti wa mgongo wa boti), pindisha ufito juu yake kabla ya ubao wowote. Taruma lililotokeza, lipige randa. Lililoingia ndani, liongezee kipande chembamba. Ubao ukipita juu ya kivimbe huvuta misumari, kiungo kinafunguka, pamba iliyoziba humo inatoka. Mahali palipobonyea, misumari huuvuta ubao hadi unapasuka.

Pima kwa rula kama nilivyoeleza, uweke namba zako hapa kuanzia omo. Tutaona ni alama ipi inayosumbua.