Muulize Somo: Hina imekataa kwenye nywele zangu

*Somo, shikamoo. Nina miaka 24, naishi Mikindani. Nywele zangu ni nyeusi tii, sijawahi kuzitia dawa, nikizinyoosha zinafika katikati ya mgongo. Dada yangu anaolewa msimu wa korosho ukiisha, na siku hiyo nataka ziwe nyekundu, ile nyekundu ya kuonekana hata ukumbini usiku. Nilinunua hina ya unga sokoni, nikaikoroga kwa maji yaliyochemka, nikakaa nayo saa moja, nikasuuza. Nimerudia mara tatu. Viganja vimeiva, nywele ziko vilevile! Jirani ananiambia niichanganye na piko, ile rangi nyeusi, eti itashika haraka. Nifanyeje?*
*Mwali wa Mikindani*

Marahaba, mwanangu. Piko usiitie kichwani. Sababu nitakupa huko chini, ila nimeona nikuwahi kabla jirani hajakushinda kwa maneno.

Sasa hina yako. Haikukataa, imeshika, wewe ndiye huioni. Hina haiondoi weusi wa nywele, inapaka wekundu wake juu ya weusi huohuo. Chukua kanga nyeupe na buibui, uvichovye kwenye sufuria moja la rangi nyekundu. Kanga itatoka nyekundu. Buibui utalipeleka mpaka dirishani ndipo uone limebadilika nini. Ndiyo maana wazee wetu wenye ndevu nyeupe, hina hiyohiyo inawatoa rangi ya chungwa.

Kwa hiyo ukumbini usiku hutaonekana mwekundu, nisikudanganye. Utakachopata ni nywele nyeusi zinazogeuka rangi ya damu ya mzee ukitoka juani, na zinazong'aa. Mimi naipenda zaidi hiyo kuliko wekundu wa kupiga kelele, lakini kichwa ni chako. Anayekuahidi wekundu wa ukumbini juu ya nywele kama zako atakutia blichi kwanza. Na hina nyingine za pakiti zimetiwa chumvi za madini. Zikikutana na blichi, nywele zinachemka na kukatika.

Hata hivyo, hata huo wekundu wa juani hukuutendea haki. Maji yaliyochemka yanaitoa rangi mbio na kuichosha mbio. Na saa moja ni muda wa kusubiri wali uive!

Mimi nywele zangu zinagusa mabega, natumia gramu 200. Wewe andaa 300, hata 400. Uchekeche unga kwa kitambaa chembamba, maana vijiti vya majani vikiingia kwenye nywele utavitoa mpaka Ijumaa. Tia maji ya uvuguvugu na ndimu, ukoroge mpaka iwe nzito kama mtindi. Zamani nilikoroga kwa ndimu tupu, kichwa kikaniwasha wiki nzima. Siku hizi nakamua mbili tu, basi. Funika bakuli, uliache. Joto letu la Februari, saa nne hadi sita zinatosha. Wakati wa kusi, kukiwa na ubaridi, naikoroga usiku nikaipaka asubuhi. Usiangalie saa, angalia kiganja: dondosha tone, subiri dakika tano, futa. Likiacha alama ya chungwa, iko tayari.

Nywele ziwe safi, bila mafuta, kwa sababu mafuta yanaizuia hina isiingie. Lakini masikio, shingo na ukingo wa paji la uso vipake mafuta ya mgando, la sivyo utakwenda harusini na kilemba cha rangi kisichovuliwa. Anzia kisogoni, fungu dogo dogo, kwenye mizizi kwanza. Usiwe bahili. Fungu lisiloonekana kijani kibichi halijapakwa. Kisha funika. Sisi tulikuwa tunajifunga rambo. Tangu mifuko ile ipigwe marufuku Juni 2019 nimehamia kofia ya plastiki ya kuogea, na juu yake kanga kuukuu ya kuzuia matone. Kaa hivyo saa tatu au nne. Chambua mchele, piga soga, ila usiinamie godoro.

Kusuuza ndiko kunakowashinda wengi. Usianze kwa kujimwagia. Inama, zamisha nywele zote kwenye ndoo, zichezeshe tope litoke, mwaga, rudia. Ndoo ya tatu ndipo utumie kondishona. Sabuni iache siku mbili. Siku ya kwanza rangi itakuwa mbichi, ya machungwachungwa, usilie. Inakolea yenyewe siku ya pili na ya tatu. Ndiyo maana nakuambia ipake siku nne kabla ya harusi, wala si usiku wa kuamkia. Ukiona zimekauka, sasa ndiyo zamu ya mafuta ya nazi.

Na ukitaka kujaribu kwanza, kusanya zile zinazobaki kwenye kitana, uzifunge uzi, uzipake.

Haya, piko. Miaka hiyo nipo Lindi, siku mbili kabla ya Idi, nikauziwa pakiti imeandikwa "hina nyeusi". Nusu saa tu, kichwa cheusi kama mkaa. Nilifurahi! Alfajiri nikaamka masikio yamevimba kama maandazi, ngozi ya kichwa inatoa maji, jicho moja halifunguki. Idi ile nilitakiwa nivuke kwenda Kitunda kwa shangazi, nilikwenda hospitali. Hina halisi haiwi nyeusi kamwe, wala haiivi kwa nusu saa. Kinachofanya kazi hiyo ni kemikali iitwayo parafenilinidiamini, na piko tunayouziwa ndimo inamokaa. Mwili ukishaikataa mara moja, umeikataa maisha. Mpaka leo siwezi kugusa dawa yoyote ya kufanya nywele nyeusi.

*Somo, mwanangu atatimiza siku arobaini wiki ijayo. Mama mkwe anataka apakwe hina mikononi na miguuni. Kuna ubaya?*
*Mama Mzazi, Lindi*

Upo. Wapo watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha damu kiitwacho G6PD, na kwa macho huwezi kuwatambua. Hina ikipenya ngozi yao inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu, mtoto akageuka manjano na kuishiwa damu. Mwambie mama mkwe, kwa adabu, apakwe yeye bibi. Akikataa, msingizie nesi wa kliniki.

*Hina imedondoka kwenye kanzu nyeupe ya mume wangu. Nimefua mara nne. Anarudi Jumamosi.*
*Mwenye Hofu, Mtwara*

Pole, mwenzangu. Pamba na hina wakishapatana hawaachani. Jiki itaififisha kidogo, haitaimaliza. Doa liko wapi? Kama ni upindoni, mpe fundi aikunje. Kama ni kifuani, mpikie pweza wa nazi kwanza, halafu ndipo umwonyeshe.