Siku Moja Kisiwani Rusinga

SWALI: Ndugu Mhariri, tungependa kuwapeleka watoto wetu kwenye kisiwa chenye asili ya volkano, waone pia kazi za mikono za wenyeji, kisha turudi jioni. Twende wapi?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Ndugu msomaji, nendeni Rusinga, kisiwa cha Ziwa Victoria. Ondokeni alfajiri hadi Luanda K'Otieno, mvuke kwa feri hadi Mbita, kisha mwingie kisiwani kwa barabara. Majivu ya volkano ya Kisingiri, iliyozimika zamani sana, yalifunika na kuhifadhi mabaki ya viumbe walioishi takriban miaka milioni 18 iliyopita, na ndiyo maana mtafiti wa mabaki ya kale, Mary Leakey, aliweza kupata hapo fuvu la Proconsul, aina ya sokwe wa kale, mwaka 1948.

Hata hivyo, nawasihi mtumie muda mrefu zaidi ufuoni, wanakoundwa mashua za mbao zinazopakwa rangi kali, kwa kuwa mtoto akimtazama fundi akipinda ubao na kuziba nyufa, huelewa ustadi ambao hakuna maelezo yanayoweza kuufikia. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha. Mikeka ya mafunjo inunueni kwa msusi mwenyewe. Sanamu za mawe ya Kisii, ingawa zinapendeza mno, asili yake ni Tabaka, huko Kisii, wala si Rusinga. Saa ya feri ya mwisho iulizeni mapema asubuhi.